Karani Aliyelipita Kundi

Jumatatu, 6 Juni 1938

Nimeanza shajara. Daftari nimelitoa ofisini, lilikuwa limekaa bure. Jina langu Felician Kondo, karani wa vipande katika shamba la mkonge hapa Soga. Kila asubuhi naita majina ya vibarua, na anayeitika natia alama kwenye kipande chake, kadi yake ya kazi. Kazi ya mtu mwenye kichwa.

Leo kuna jambo zito. Mjomba wangu Mzee Adamu, mfuga mbuzi wa Magindu, ndiye mshenga wangu. Amerudi kutoka Chole, upande wa Kisarawe, alikokwenda kumposa Honorata kwa niaba yangu. Baba yake Honorata, Katekista Andrew, hakukataa. Wala hakukubali. Amesema kuna mwingine amekwisha kuleta posa, Thadeo, dresa wa zahanati, tena kaleta na barua ya daktari wake. Inasema Thadeo ni mwaminifu na halewi. Basi na mimi nilete barua ya bwana wangu wa kazi, aseme mimi ni mtu wa namna gani. Uamuzi ni Jumapili ya tarehe 19, baada ya misa.

Mwaminifu na halewi. Hata punda mzuri husemwa hivyo. Mimi nitaleta barua ya kumfanya Thadeo arudi kufunga vidonda.

Honorata nampenda. Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kunicheka. Siku ya Pasaka nilikosea wimbo kanisani, nikaendelea kuimba peke yangu wenzangu wamekwisha nyamaza. Alicheka mpaka akajifunika kanga. Tangu siku hiyo sina raha.

Jumanne, 7 Juni

Ili nisifiwe, kwanza nifanye la kusifiwa. Nimelala kitandani mchana kutwa nikiwaza, nimemwambia mnyapara kwamba naumwa tumbo.

Nimelipata. Siku zote vibarua huitwa kikosi kwa kikosi, kila mnyapara na watu wake. Huo si mpango, hayo ni mazoea. Kuanzia kesho nitawaita kwa ABC, kama shuleni misheni. Meneja atashangaa.

Jumatano, 8 Juni

Meneja ameshangaa.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi. A ikapita vizuri. Abdala, Ali, Athumani. Saa moja na nusu nilikuwa nimefika K. Kisha ikaja M. Sikujua kama nchi hii ina M nyingi hivi. Mohamedi kumi na tisa. Mbaraka sita. Mashaka wanane, na kila nikiita Mashaka wanaitika wote. Saa tatu Meneja akapita na farasi wake, akaona vibarua mia mbili wamekaa chini wanatafuna miwa, matroli hayana kitu, mashine ya kuchana mkonge inanguruma bure. Akaniuliza hii nini. Nikamweleza ABC. Zahoro, mwenye Z, alipofikiwa saa tano alikuwa amelala fofofo, na alipoamshwa akasema yeye kazi ya leo amekwisha maliza.

Udongo uwahi ungali maji. Jioni ile ile nikaenda kwa Meneja kuomba barua ya kueleza tabia yangu na kazi yangu. Alicheka kidogo. Akasema ataiandika kwa furaha. Kwa furaha, ndivyo alivyosema.

Alhamisi, 9 Juni

Barua imefika. Kaniletea Isihaka, mtunza stoo, kijana wa Mlandizi mwenye kiburi cha kofia. Hajui Kiingereza lakini aliigeuzageuza kana kwamba anajua.

Ni mstari mmoja tu. Meneja anasema kwamba katika miaka kumi na moja ya kukaa Tanganyika hajapata kuona karani egregious kama Felician Kondo.

Neno hilo sikulijua. Nikafungua kamusi niliyopewa misheni, ya zamani sana, imeliwa pembeni na mende. Ikasema hivi, namba moja: bora, mashuhuri, aliye mbele ya wenzake. Ikaeleza na asili yake. Neno la Kilatini. E, maana yake kutoka. Grex, maana yake kundi la kondoo. Yaani aliyetoka kundini, akasimama peke yake.

Nikakaa chini. Nikalisoma tena. Namba mbili nayo ilikuwepo, kwa herufi ndogo zaidi, lakini mtu akishashiba haombi sahani ya pili.

Nimemwonyesha Isihaka barua. Akasema Mzungu akikusifu kwa neno refu, uliza kwanza. Wivu. Nilimwambia ni neno la Warumi. Akauliza kama Warumi ndio wanaolipa mishahara hapa. Mtu huwezi kuzungumza naye.

Ijumaa, 10 Juni

Somo la Fundi Ho.

Fundi Ho ni Mchina, seremala wa shamba. Anatengeneza milango na mbao za matroli. Alikaa Unguja miaka minane kabla ya kuja huku, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Isihaka. Anatafuta kazi katika karakana kubwa mjini Dar es Salaam, na wenyewe wanataka barua ya Kiingereza. Kwa hiyo mimi namfundisha Kiingereza kila jioni, naye ananiazima baiskeli yake Jumamosi.

Ni mwanafunzi mwenye kuchosha. Kila neno anataka kujua limezaliwa wapi. Neno lisilo na baba na mama halitaki. Leo kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. Nimemfundisha egregious, maana yake na ukoo wake wote.

Alifurahi. Akachukua penseli ya useremala, akachora kwenye ubao. Juu alama ya bwana mkubwa, chini yake alama ya kondoo. Hiyo, kasema, ndiyo namna Wachina wanavyoandika kundi. Na kwao mtu hodari husemwa amelipita kundi. Nikamwambia arudie. Akarudia. Basi Warumi na Wachina, watu wasiojuana hata kwa salamu, wamekubaliana juu yangu.

Halafu akawaza. Akasema kwao kuna msemo mwingine vile vile, wa farasi anayeharibu kundi zima. Akaniuliza nina hakika gani kwamba neno la Meneja ni la kondoo yule na si la farasi huyu. Nikamwambia kamusi haina farasi. Akaomba nimwachie kamusi mpaka kesho. Nikamwachia.

Jumapili, 12 Juni

Nimemsaidia Fundi Ho barua yake ya kuomba kazi. Yeye alitaka kuandika kwamba ni seremala mzuri. Nikamwambia mzuri ni neno la watu wote, Dar es Salaam wamejaa maseremala wazuri. Andika egregious. Akanitazama kidogo, akatabasamu, akaandika. Kaipeleka stesheni pamoja na kisanduku kidogo cha mbao alichokitengeneza bila msumari hata mmoja. Nilimwambia kisanduku hakina haja, neno linatosha. Hakunisikiliza.

Isihaka amewaambia watu wote kwamba mimi nimetoka kundini. Sasa vibarua wakiniona wanalia kama kondoo. Jina langu ni Kondo. Herufi moja tu imewatosha.

Jumatano, 15 Juni

Mzee Adamu amekuja na mbuzi wa kupeleka Chole. Nikamsomea barua na kumweleza maana. Alisikiliza vizuri, maana mambo ya makundi anayajua. Akasema, mwanangu, mbuzi anayetoka kundini ni mmoja kati ya wawili. Ama ni beberu anayetangulia, ama ni mgonjwa. Nikamwuliza mimi anionaje. Akasema yeye ananipenda.

Nimeamua barua asiibebe yeye. Ataanza kuieleza kwa mbuzi. Nitaipeleka mwenyewe, yeye atangulie.

Jumamosi, 18 Juni

Chole. Nimefika kwa baiskeli ya Fundi Ho, safari ya kutwa nzima. Mchanga mwingi. Milima ya Kisarawe kuipanda nimeisukuma baiskeli, kuishuka imenisukuma yenyewe. Suruali imechanika goti la kulia. Barua nilikuwa nimeifunga kwa jani la mgomba, haina hata doa.

Nimemsalimu Katekista Andrew shikamoo, akaitika marahaba, akalitazama goti. Honorata alileta maji ya kunawa. Akaniambia pole kwa safari. Nikataka kujibu neno zuri, nikajibu marahaba. Akainama kuficha uso.

Thadeo yupo. Kavaa soksi ndefu. Ananukia dawa ya vidonda. Barua yake Katekista ameibandika ukutani kwa ugali, karibu na picha ya Mtakatifu Yosefu. Kesho pale itabandikwa yangu.

Jumapili, 19 Juni

Naandika chini ya mkorosho, nje ya kijiji. Nitaandika yote.

Baada ya misa tulikaa barazani kwa Katekista. Yeye, mkewe Mama Benedikta, wazee wawili, Mzee Adamu, Thadeo na mimi. Padre naye alikaribishwa, kwa kuwa ndiye anayesoma Kiingereza sawasawa. Katekista akampa barua yangu. Nilikuwa nimekwisha kuandaa uso wa unyenyekevu.

Padre akasoma kimya kimya. Mwanzoni akatabasamu, nadhani kwa kuona Kilatini chake. Kisha tabasamu likakoma. Akaniuliza, Felician, wewe na huyu Bwana mmegombana? Nikasema hapana, aliiandika kwa furaha.

Padre akavua miwani. Akasema hawezi kusema uongo siku ya Bwana. Akasema neno hili ni kweli lilikuwa sifa, zamani. Mtu bora kuliko kundi. Lakini Waingereza wakaanza kulitumia kwa kejeli, wakalitumia hivyo miaka na miaka, mpaka sifa ikafa, ikabaki kejeli peke yake. Akawaeleza wazee kwa mfano. Mtoto akivunja mtungi, mama humwambia, bingwa wewe. Sasa, akasema, fikirini bingwa huyo amesemwa hivyo mpaka watu wamesahau kama aliwahi kushinda kitu. Leo maana yake ni mtu anayewapita wenzake wote kwa ubovu. Meneja anasema katika miaka kumi na moja hajaona karani mbovu kama huyu.

Wazee wakasema aaah. Thadeo akazitazama soksi zake.

Sikukubali kirahisi. Nikamwambia Padre kwamba mwenye neno ni Mrumi, Mwingereza ameliazima tu, na mwenye kuazima hana ruhusa ya kugeuza mali ya watu. Padre akasema huenda ni kweli. Lakini barua, akasema, imeandikwa na mwazimaji.

Katekista Andrew aliikunja barua yangu mara nne, akanirudishia. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Akasema atatoa jibu mwisho wa mwezi, lakini aliposema alikuwa amemgeukia Thadeo.

Nilipokuwa nafungua baiskeli, Honorata akaja nyuma ya jiko. Nilingoja acheke. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia mwisho wa mwezi si maneno ya baba yake, ni yeye aliyemwomba angoje. Akasema Thadeo ni mtu mwema lakini akikaa naye anajiona kama kidonda. Baba hataki makubwa, akasema. Lete barua ya kusema una kazi na huna ugomvi na watu, mstari mmoja, basi. Kisha akanishika mkono wa shati, hapa, akaniambia, Felician, safari hii kabla hujaileta, muulize mtu anayejua.

Nikamwahidi. Nampenda sana Honorata. Sijui kwa nini naliandika kana kwamba ni habari mpya.

Jumanne, 21 Juni

Soga. Nimerudi jana usiku, gurudumu la nyuma limepasuka, sehemu kubwa baiskeli nimeibeba mimi.

Fundi Ho amepata kazi. Nilikuta anafunga vyombo vyake. Majibu yametoka Dar es Salaam, akanisomea mwenyewe bila msaada. Mzungu wa karakana anasema amekaa nchi hii miaka mingi, kila seremala humwandikia kuwa yeye ni mzuri, hajapata kumwona anayejiita hivi kwa mkono wake. Amecheka siku mbili. Amekitazama kisanduku. Aje haraka.

Nikamwuliza Ho kama anajua maana ya lile neno. Akasema anajua, tangu ile siku nilipomwachia kamusi. Alisoma namba mbili. Lakini aliliacha kwa makusudi, kwa sababu barua ya fundi mzuri hakuna anayeimaliza.

Nikamwuliza kwa nini mimi hakuniambia. Akasema aliniambia. Farasi.

Ameondoka na treni ya mchana, na baiskeli yake. Alinishukuru kwa masomo, akaniachia ule ubao wenye kundi. Nimekaa nao nikafikiri. Seremala kajiita egregious, kapata kazi. Kwa hiyo kosa si neno. Kosa ni watu wa Chole kutolijua. Isihaka akasema kosa si neno wala Chole, akili nyingi huondoa maarifa. Sikumuuliza yeye.

Alhamisi, 23 Juni

Nimeamua kwenda kwa Meneja kwa njia ya kiungwana. Si kulalamika. Kumsaidia.

Nilichukua barua yake, nikapiga mstari chini ya neno kwa penseli nyekundu, kama mwalimu anavyofanya. Pembeni nikaandika kwamba neno hili limepotoka maana, na hapa chini nampa maneno matatu bora ya kuchagua. Nikamkuta anakunywa chai barazani. Nikampa. Nikamweleza habari za Warumi, za mwazimaji, na za mtoto na mtungi. Nilimweleza vizuri. Nilichukua muda, nisiruke kitu.

Aliweka kikombe chini polepole. Akauliza kama nimekuja kumsahihishia Kiingereza. Nikasema ni neno moja tu, mengine yote yako sawa.

Akaomba karatasi. Akaandika hapo hapo, akatia sahihi, akaikausha kwa pumzi. Kisha akasema niache ufunguo wa ofisi mezani na vitabu vyote vya vipande. Nimeviacha. Nadhani nahamishiwa kitengo kingine. Asubuhi majina yataitwa na Isihaka, kwa muda.

Ijumaa, 24 Juni

Leo sikuwa na kazi za ofisi, nimepata nafasi ya kuisoma barua kwa utulivu.

Ina mistari miwili. Wa pili unasema habari za mwisho wa mwezi na kuondoka, mambo ya kawaida ya ofisi, sikuukazia macho. Wa kwanza unasema Felician Kondo ni incorrigible.

Safari hii sikufanya pupa. Nimekwisha kujifunza. Nilifungua kamusi taratibu, nikasoma maelezo yote, mpaka nukta ya mwisho. Namba mbili haina. Asili yake ni Kilatini, lakini asili siitaki tena, imeniponza. Maana inatosha: asiyeweza kusahihishwa wala kurekebishwa.

Nikaliwaza kwa haki, bila kujipendelea. Nilipokuwa misheni, Mwalimu alisahihisha daftari zetu kwa wino mwekundu. Palipo na kosa, anasahihisha. Daftari lisilo na kosa hata moja hulirudisha kama lilivyo, hawezi kulisahihisha, atasahihisha nini? Jana nilimpelekea Meneja barua yake ina mstari mwekundu. Ameelewa. Amejibu kwa lugha ile ile. Ni muungwana yule Mzungu, nilimdhania vibaya.

Isihaka alikuja saa sita kunipa pole, sijui ya nini. Nikamwonyesha. Hakulia kama kondoo safari hii. Akasema stesheni masta anakisoma Kiingereza kama maji, ni mwendo wa kumaliza sigara moja, twende akuangalizie. Akasema kwa upole, mpaka nikaona haya kwa niaba yake, kumbe anataka na yeye ajulikane pale stesheni. Nikamwambia ahsante.

Honorata alisema niulize mtu anayejua. Nimejiuliza mwenyewe mara tatu, na mara zote jibu limekuwa moja.

Barua nimeifunga kwa jani la mgomba. Kwa Katekista nimeandika na maelezo yangu ya Kiswahili, ukurasa mzima, ili safari hii wasimsumbue Padre. Kesho alfajiri naondoka kwenda Chole kwa miguu. Stesheni si mbali na njia yangu, lakini sitapita huko. Honorata amengoja vya kutosha.